Gari la Wagonjwa Getini

Klabu yetu ya Shihab haikuwa inakufa kwa kukosa magoli. Magoli tulikuwa nayo, machache, lakini yapo. Kilichokuwa kinatuua ni gari la wagonjwa. Nitaeleza, ila msinikatishe, maana mimi nikikatishwa nakasirika, na nikikasirika nasahau nilipofika.

Kanuni za ligi daraja la pili ziko wazi. Timu ya nyumbani ndiyo inayoleta gari la wagonjwa uwanjani. Likikosekana, refa anasubiri nusu saa, anaitazama saa yake, anapuliza filimbi, na wageni wanaondoka na pointi za mezani. Likitoka katikati ya mechi, mpira unasimama mpaka lirudi au lije jingine, na nusu saa ni ile ile. Mara ya kwanza unapoteza mechi. Mara ya pili unapoteza mechi na kupewa onyo la maandishi. Mara ya tatu unafutwa kwenye ligi, na ukitaka kuanza tena unaanzia chini kabisa, kucheza na timu za mafundi baiskeli kwenye viwanja visivyo na nyavu.

Msimu ule sisi tulikuwa tumeshapoteza mbili. Ya kwanza, gari lilipasuka tairi njiani likafika refa ameshaoga. Ya pili, barua yetu ya kuomba gari ilikosa muhuri, na yule dada wa mapokezi hospitali akaiacha chini ya sahani ya mbegu za alizeti mpaka Jumapili. Nilimwambia maneno ambayo mtu mzima hapaswi kumwambia binti wa watu. Alilia. Pointi hazikurudi.

Mji wetu wa Bir Lahjar una hospitali moja, na hospitali ina magari mawili ya wagonjwa. Moja limepandishwa juu ya matofali, paka wanazalia humo. Kwa hiyo moja. Jingine la karibu liko mjini mkoani, mwendo wa saa nzima kama polisi wa barabarani hawana njaa.

Mimi naitwa Belgasem, mtunza vifaa wa klabu kwa miaka thelathini na mmoja. Mtunza vifaa ni yule anayefua jezi, anayejaza mipira upepo, anayejua nani anavaa soksi mbili kwa sababu ya malengelenge. Lakini msimu ule nilikuwa pia uongozi. Mwenyekiti alijiuzulu kwa tangazo la Facebook, akaweka na picha ya waridi. Katibu alihamia kwa binti yake pwani, akasema hewa ya mgodi wa fosfeti inamletea kikohozi, utadhani ameijua jana. Kocha wetu, Ridha, alikuwa mwalimu wa michezo sekondari ya wasichana na alikuja mazoezini na filimbi ya shule. Wachezaji walibaki kumi na watatu. Beki wa kulia na beki wa kushoto walipanda boti la Italia wiki moja ya Novemba, na tangu siku hiyo mawinga wa timu zote walipenda sana kuja kwetu.

Nilikuwa nalala uwanjani. Tangu mke wangu Habiba afariki, nilihamia chumba cha chini ya jukwaa, ubavuni mwa stoo. Nyumba yangu niliipitia kila Ijumaa kufungua madirisha na kuyafunga tena. Watu walisema Belgasem ana mapenzi na klabu. Mapenzi gani! Nilikuwa siwezi kukaa kwenye nyumba ambayo kikombe ninachokiacha mezani asubuhi nakikuta pale pale jioni. Uwanjani angalau kulikuwa na jezi kumi na tatu chafu zinanisubiri.

Na hata uwanjani watu hawakuwepo. Miaka miwili nyuma ilikuja kamati ya usalama. Mmoja wao akagonga ukuta wa jukwaa kwa nyundo ndogo, kipande cha zege kikaangukia kiatu chake. Wakaandika: mechi zote bila mashabiki mpaka ukuta ujengwe. Ukuta haukujengwa. Amri ikasema pia geti kubwa lifungwe kwa mnyororo na kufuli dakika zote za mchezo, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja. Huyo mtu mmoja ni mimi.

Hujui mpira ni kitu cha huzuni mpaka uusikie bila watu. Unasikia pumzi za mabeki. Unasikia kocha anamtukania mtu mama yake, na mwangwi unamtukania tena. Goli likiingia wanashangilia watu kumi na mmoja, wakimaliza, kimya, refa anatembea kurudi katikati na unasikia viatu vyake. Nimekaa kwenye uwanja huo ukiwa na watu elfu nne, wengine juu ya nguzo za taa. Sikuuzoea ukimya huo hata siku moja. Kila mechi ilikuwa kama kwenda msibani ambako wafiwa wenyewe hawakutokea.

Shabiki alibaki mmoja tu. Lazhar.

Nyumba ya Lazhar na mkewe Mongia iko ng'ambo ya barabara, hatua sitini kutoka getini, na paa lake linatazama uwanja. Tulifanya kazi pamoja mgodini tukiwa vijana kabla mimi sijaja klabuni. Yeye alibaki chini ya ardhi mpaka mapafu yakakataa. Siku ya mechi alipanda na kiti, blanketi na birika la chai, akavaa skafu ya klabu hata Mei, na akaweka simu pajani. Kwa sababu Lazhar hakutazama mpira kimya. Alinipigia mimi.

"Belgasem, mtoe huyo namba saba. Anatembea kama bi harusi."

"Mimi si kocha."

"Basi mwambie Ridha. Mwambie huku si shule ya wasichana."

"Mwambie mwenyewe, una mdomo."

"Nina mdomo, sina mapafu. Nenda, punda wee."

Namtukana, nakata simu. Baada ya dakika kumi anapiga tena: refa kipofu, kipa analala, nani kamwagilia nyasi za upande ule akaacha huku, kwani huku ni kwa mama wa kambo? Mechi moja simu tano, sita. Ridha aliniuliza siku moja kwa nini siizimi. Nikamwambia nasubiri simu ya hospitali kuhusu gari. Uongo. Bila zile simu ningechanganyikiwa.

Sasa siku yenyewe. Jumapili ya mwisho ya msimu, nyumbani, dhidi ya Amal ya Ras Sedra. Wao hawakuwa na la kupoteza wala la kupata. Sisi tulikuwa na pointi za kutosha kutoshuka, hata tukifungwa kumi. Tulichotakiwa ni kitu kimoja: mechi ianze na iishe, na gari la wagonjwa likiwa ndani ya geti. Basi. Wiki ile nilikwenda hospitali mara tatu. Barua ilipigwa muhuri mpaka karatasi ikatoboka. Yule dada wa mapokezi nilimpelekea tende, akazipokea bila kunitazama.

Saa saba mchana gari liliingia. Dereva alikuwa Nouri, kijana niliyemfunga kamba za viatu alipokuwa winga wa timu yetu ya vijana. Sasa ana watoto wawili na kitambi. Nikampa mkate wa tuna na pilipili ya harisa. Nikafunga mnyororo, nikatia kufuli, ufunguo nikautumbukiza mfuko wa suruali.

Lazhar alipiga kabla mpira haujaanza.

"Gari lipo?"

"Lipo."

"Nimeliona. Nataka tu nikusikie ukisema." Akacheka, akakohoa, akarudi. "Mongia bado yuko harusini Tozeur. Kaniachia kuskusi ya siku tatu. Ukimaliza njoo tule. Nimechoka kula nikitazamana na sufuria."

"Nitaona."

"Utaona nini? Una mke anakusubiri?"

"Nimesema nitaona, Lazhar. Nina kazi."

Nikakata. Kweli nilikuwa na kazi, maana namba tano alikuwa amesahau viatu kwao.

Saa nane mpira ukaanza. Jua kali, upepo wa vumbi la mgodi, hakuna aliyetaka kukimbia. Mimi sikuutazama mpira. Nilitazama gari. Nouri alikaa kwenye kivuli chake mlango wazi, na mimi nilikuwa nahesabu: dakika ya ishirini lipo, thelathini lipo, mapumziko lipo. Bila bila. Nikawagawia machungwa, nikawaambia, "Wanangu, leo sitaki shujaa. Asipigwe mtu, asivunjike mtu. Mkiona mguu unakuja, pisheni njia." Ridha akanitazama kwa mshangao. Hajawahi kusikia mawaidha kama hayo.

Dakika ya sabini Lazhar alipiga kuhusu namba saba. Tukagombana, nikakata.

Dakika ya sabini na tisa namba saba huyo huyo akaanguka mwenyewe, akashika paja, akalia kama anazaa. Moyo ukanipasuka. Akibebwa kwenye gari, gari linaondoka. Nilikimbia mpaka kwenye mstari nikapiga kelele, "Inuka wewe! Inuka! Utakufa kesho, leo sina nafasi!" Kamisaa wa mechi akanionya kwa kidole. Simu ikatetemeka mfukoni. Nikatazama: Lazhar. Nikasema moyoni, huyu naye, hana adabu, anataka kunicheka sasa hivi. Sikupokea. Namba saba akainuka, akachechemea, mpira ukaendelea. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Dakika ya themanini na tatu Nouri akaja mbio, redio ya gari mkononi.

"Ami Belgasem, fungua geti."

"Kuna nini?"

"Hospitali wamenipigia. Ami Lazhar. Bi Dhahbia alikuwa anaanua nguo paa la jirani, kamuona yuko chini. Hasemi vizuri. Fungua, Ami, ni hapo tu."

Nikageuka. Paani niliona mgongo wa kiti na ukingo wa ukuta. Mtu sikumuona.

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, na ufunguo ulikuwa katikati ya vidole vyangu. Nasema hivyo kwa sababu nimejaribu miezi mingi kujiambia vingine. Ulikuwa kwenye vidole.

"Ufunguo uko stoo," nikasema. "Ngoja niufuate."

"Kimbia, Ami!"

Polisi watatu walikuwa upande wa pili wa uwanja, wamevua kofia, wanakula mbegu. Nouri angeweza kuwaita. Angeweza kumpigia kelele refa. Hakufanya lolote kati ya hayo kwa sababu aliniamini. Mimi ndiye niliyemfundisha kutema mate upande ambao hakuna watu. Alirudi kwenye gari akaliwasha, akalisogeza mpaka pua ikagusa mnyororo.

Niliingia stoo nikafunga mlango. Nikakaa juu ya gunia la mipira.

Nikaanza kupiga hesabu, hesabu ya kijinga kabisa. Dakika saba, na za nyongeza tatu au nne. Gari likitoka sasa, refa anasimamisha mchezo. Mgonjwa mzito hupelekwa hospitali ya mkoa, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi. Tumefutwa. Miaka sitini ya klabu, mgodi wote, wazee wote waliokufa wakituachia jina, imekwisha kwa dakika saba. Na mimi je? Stoo itafungwa. Chumba changu watakipa mtu aweke saruji. Nitarudi nyumbani kukaa na kikombe. Lazhar mwenyewe, nikajiambia, Lazhar mwenyewe angesema maliza mechi. Amewahi kuikosa harusi ya mdogo wake kwa ajili ya mechi ya ugenini.

Simu ikatetemeka. Lazhar.

Nikafurahi! Nisameheni, nilifurahi. Anayeweza kupiga simu yuko hai, na akili anayo. Basi si kitu kikubwa, labda jua, labda hajala. Subiri kidogo, ndugu yangu, nakuja. Jina lake liliwaka kwenye kioo na simu ikatetemeka mkononi mwangu mpaka ikachoka. Ikaanza tena. Nilikuwa najua kabisa kwa nini sipokei. Nikipokea nitasikia sauti yake, na nikisikia sauti yake nitafungua geti.

Nje Nouri alipiga honi mara moja, fupi, kwa aibu, kama mtu anayebisha hodi msikitini. "Ami! Umeupata?"

"Nautafuta!"

Ikatetemeka mara ya tatu, haikudumu. Mtetemo mmoja na nusu, ikanyamaza.

Filimbi ya refa, tatu ndefu. Nilitoka mbio, na safari hii nilikimbia kweli, nikatia ufunguo kwenye kufuli, mnyororo ukaanguka. Nouri alipita bila kunitazama. Kwenye dirisha la gari saa ya taa nyekundu ilionyesha saa tisa na dakika hamsini. Aliponijia ilikuwa tisa na thelathini na tisa.

Bila bila. Klabu ilipona.

Jioni ile Bir Lahjar walitoka na ngoma. Vijana wa mkahawani ambao hawajawahi kubeba hata chupa ya maji uwanjani walinikumbatia, wakanibeba, wakaimba jina langu na la klabu. Ridha alilia begani kwangu. Mwenyekiti aliweka Facebook picha ya waridi jingine. Na watu walisema, tazama kudura ya Mungu: mzee Lazhar kapigwa na kiharusi, na gari la wagonjwa liko hapo hapo mlangoni kwake, na mechi imekwisha wakati huo huo! Hakuna aliyesema hapana. Bi Dhahbia alikuwa na hofu, hakuangalia saa.

Nouri alijua. Jumatano alikuja stoo na fomu ya hospitali ya safari za gari. Muda wa kuitwa alikuwa ameshaandika mwenyewe: tisa na thelathini na tisa. Muda wa kutoka hakuujaza.

"Andika wewe," akasema.

"Nouri, mwanangu..."

"Andika tu, Ami. Wanataka leo."

Niliandika tisa na arobaini na moja. Aliisoma, akaikunja, akaondoka. Mkate wa tuna niliomwekea aliuacha juu ya meza.

Mongia alirudi kutoka Tozeur siku ile ile ya Jumapili, na hina ya harusi bado mbichi mikononi. Aliponiona hospitali ya mkoa, kwenye varanda, alinishika kichwa akakibusu. "Shemeji, wewe na hilo gari lako. Kama lisingekuwa pale, ningekuwa mjane leo." Sikuingia wodini. Nilisema madaktari hawaruhusu. Alinitazama, maana yeye alikuwa ametoka humo sasa hivi.

Wiki tatu hospitali, halafu wakamrudisha nyumbani. Mimi sikwenda. Hatua sitini, na sikwenda. Nilituma ndizi, nikatuma tini, nikatuma skafu yake niliyoifua na kuipiga pasi. Kila mara Mongia alisema anakuuliza, shemeji, kila siku anakuuliza. Nikasema nina kazi ya kuandaa msimu. Msimu gani, mwezi wa Juni? Hata paka wa kwenye gari bovu walijua sina kazi. Usiku nilimkumbuka anavyokohoa akicheka, nikageuza mto.

Wiki ya saba nilikwenda. Nilijiandalia maneno njia nzima, njia ya hatua sitini.

Walikuwa wamemlaza chumba cha chini kwa sababu ngazi hawezi tena. Mdomo ulikuwa umeteremka upande mmoja. Mkono wa kushoto ulikaa juu ya blanketi, utadhani si wake. Mongia alifurahi mno, akakimbilia jikoni kuweka chai, akatuacha.

"Umekonda," Lazhar akasema. Maneno yalitoka polepole, moja moja, yakisukumana. "Nani... anakupikia?"

"Lazhar, nimekuja kukwambia kitu. Siku ile, lile geti..."

"Najua."

"Hujui. Ufunguo nilikuwa nao."

"Nimesema najua, punda wee. Nilianguka... uso ukutani. Pale kwenye tundu la maji ya mvua. Nilikuona. Uliingia stoo unatembea." Alivuta pumzi. "Wewe siku zote unakimbia."

Nikafunika uso. Nilikuwa mzee wa miaka sitini na minne nimekaa kwenye kigoda, nalia mbele ya mgonjwa. Alinigusa goti kwa mkono wake mzima.

"Acha. Gari naelewa. Ningekuwa wewe... ningelizuia. Haki ya Mungu. Lingetoka, mechi isingeisha." Nusu ya mdomo ikacheka. "Bila bila. Na timu mbovu vile."

Nilihisi jiwe linashuka kifuani. Mungu wangu, nilihisi nimesamehewa. Nilishika mkono wake nikaanza kumwambia mambo ya klabu, kwamba manispaa wameahidi ukuta, kwamba Ridha amepata beki kutoka Metlaoui, nilibwabwaja kama mtoto wa shule. Aliniacha niseme. Nilipomaliza bado alikuwa ananitazama.

"Lakini simu," akasema.

Niliuachia mkono wake.

"Sikupiga uje na gari. Gari Dhahbia alishaita. Mkono ulikuwa umekufa, mguu umekufa. Nikajua naondoka. Nyumba nzima hakuna mtu." Alikwama, akatafuta neno, mate yakamtoka, akakataa nimfute. "Nilitaka sauti tu. Basi. Hata unitukane."

"Lazhar..."

"Nilipiga mara nne. Ilikuwa wapi? Mfukoni?"

Ningeweza kusema mfukoni. Alikuwa amenipa neno lenyewe, kalishika kwenye kiganja ananinyooshea, nilipokee tu.

"Mkononi," nikasema.

Alifumba macho. Kifua kilipiga filimbi yake ya mgodini, nikadhani amelala. Kisha akasema, bila kuyafumbua, "Nenda sasa, Belgasem. Nimechoka."

Nilisimama. Mlangoni nilikutana na Mongia na sinia la chai na lozi alizokaanga kwa ajili yangu. Aliweka sinia chini, akanisindikiza mpaka barabarani, na njia nzima alikuwa ananishukuru kwa lile gari.